Nani Alibonyeza Sawa

Fundi alikuwa amesema kila kitu kimehama. Alisema mara tatu, kwa sababu Sista alimuuliza mara tatu, na ile ya tatu aliongeza, "Mpaka senti ya mwisho, Mama," huku akicheka kidogo, kama mtu anayemtuliza mgonjwa anayeogopa sindano. Sista alikuwa ametuliza wagonjwa wa sindano kwa miaka thelathini na miwili, kwa hiyo kicheko kile alikijua vizuri. Ndicho unachokitoa pale ambapo hutaki kuulizwa swali la nne.

Sasa alikuwa amekaa mezani kwake, saa nne ya asubuhi, mbele ya kompyuta mpya nyembamba kama sinia, na kweli senti zilikuwa zimehama. Miaka kumi na saba ya matumizi ya nyumba yote ilikuwepo: kodi, mafuta ya taa, karo, dawa, nauli. Tena programu mpya ilikuwa imeyachorea duara la rangi, kipande cha bluu cha chakula na kipande chekundu cha usafiri, kama keki ya sherehe ya mtu usiyemjua. Sista hakuwa na haja na keki. Alikuwa anatafuta safu ya mwisho, upande wa kulia, ile iliyoandikwa Maelezo juu yake. Safu ilikuwepo. Ndani yake hapakuwa na kitu.

Alishuka na kipanya mpaka chini, akapanda nacho mpaka juu. Akafunga programu, akaifungua upya. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Sukari kilo mbili, tarehe, bei, halafu peupe, kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Mtu mwingine angesema, sasa hasara iko wapi? Bei ipo na tarehe ipo. Lakini huyo mtu angekuwa hajui watu hawa wawili waliishi vipi.

Sista alikuwa mkunga, na mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva na mkewe naye akamwita hivyo hivyo, aliendesha lori la masafa marefu. Zamu za mke zilikuwa za usiku, na safari za mume hazikuwa na saa. Anaingia huyu, anatoka yule. Kuna miezi walionana mara nne tu, na katika hizo nne, mara mbili mmoja wao alikuwa amelala fofofo. Simu ya mkononi ilikuwa moja, ikakaa kwenye lori, mara nyingi haina chaji. Walipoinunua kompyuta yao, mtumba kutoka ofisi iliyofungwa, waliikuta na programu ya hesabu za nyumbani, wakakubaliana kwamba kila senti inayotoka itaandikwa na yule aliyeitoa, tena siku hiyo hiyo. Na ile programu, sijui aliyeitengeneza alikuwa mtu wa namna gani, ilikuwa na nafasi ya maelezo isiyo na mwisho. Unaandika mpaka uchoke.

Dereva ndiye aliyeanza. "Sukari kilo mbili. Sista, hii sukari tunakunywa au tunaipanda?" Sista alirudi kutoka zamu asubuhi, akakuta, akaandika mbele yake: "Muulize mama yako, kikombe kimoja vijiko vinne." Basi ndiyo ikawa desturi ya nyumba. Walibembelezana kwenye mafuta ya taa na wakanuniana kwenye karo. Ugomvi wa redio, ile aliyoinunua Dereva bila kuuliza mtu, ulichukua siku kumi na moja, na ulipiganwa juu ya vitu ambavyo havikuwa na hatia yoyote: sabuni, kandambili, chumvi. "Kiberiti kimoja," aliandika Sista siku ya tisa. "Ukitaka kuichoma hiyo redio, kiko juu ya kabati." Na ilikuwepo siku ya kwenda kumzika baba yake Sista, ambayo Dereva aliandika hivi: "Nauli, watu wawili. Nimekuta umelala na viatu. Nimekuvua, sikukuamsha. Lori litasubiri."

Mambo hayo hawakuwahi kumsimulia mtu. Hata binti yao, aliyekulia humo humo ndani, alijua tu kwamba wazazi wake ni watu wa kuandika hesabu kupita kiasi.

Miaka miwili iliyopita Dereva alipigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, mkono ukarudi nusu, ulimi haukurudi. Mtu aliyeweza kubishana na askari wa barabarani saa mbili nzima, mpaka askari mwenyewe akaomba maji, alibaki na sauti moja ya njaa, ya kiu na ya usingizi. Mtaalamu wa matamshi pale hospitali alimwambia Sista amsomee mume wake vitu anavyovijua. Akamsomea magazeti, mzee akasinzia. Akamsomea barua za chama cha madereva. Mzee akageukia ukutani. Siku moja, kwa kukosa cha kusoma, akamsomea hesabu. Alipofika kwenye "Muulize mama yako," mabega ya Dereva yakaanza kutikisika. Sista akaruka, akidhani kile kitu kimemrudia, kumbe mtu anacheka. Na alipomaliza kucheka alisema, polepole lakini wazi kabisa, "Vijiko."

Tangu hapo, kila jioni wakishakula, walisoma mwezi mmoja wa matumizi. Asubuhi hii Dereva alikuwa na maneno kumi na tisa, na yote kumi na tisa yalitoka kwenye safu ile ya kulia. Walikuwa wamefika mwaka wa sita, na mbele kulikuwa na miaka tisa ya sauti yake mwenyewe, mpaka siku ya kiharusi. Hiyo ndiyo iliyogeuzwa chokaa.

Kuhama kwenyewe hakukuwa wazo lake. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeanza kunguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo, na mara mbili ilitoa harufu ya kuungua. Binti yao, aliyefanya kazi ofisi ya bima katika mji mwingine, alituma pesa ya mpya, akapiga simu dukani mwenyewe, akapatana na fundi: ya zamani ibaki dukani ili ipunguze bei, na hesabu zihamishiwe kwenye programu ya kisasa. Sista aliposita, aliambiwa kwamba huo mtambo siku moja utamchomea nyumba na Baba ndani. Mtu akikuambia hivyo utamjibu nini?

Alimpigia fundi simu. Fundi kwanza hakuelewa, halafu akakumbuka. Ndiyo, programu mpya ilipokuwa inavuta faili la zamani ilitoa ujumbe mdogo, kwamba kumbukumbu elfu tisa na mia mbili ziko tayari, na kwamba maelezo marefu hayatahama, je, iendelee?

"Ukafanya nini?" Sista aliuliza.

"Nikabonyeza Sawa, Mama. Ujumbe kama huo huwa unatoka kila siku."

"Nani alikuambia ni sawa?"

Fundi akaeleza, kwa upole wa kulipwa, kwamba programu za siku hizi hazibebi taarifa zisizo muhimu. Sista akamwambia alete lile faili la zamani. Faili la zamani alikuwa amelifuta kwenye kompyuta mpya, lisijaze nafasi. Basi ile kompyuta yenyewe iko wapi? Hapo simu ikanyamaza. Fundi akauliza kama Mama anaweza kupita wiki ijayo. Sista alikuwa amewahi kuusikia ukimya ule kwa wauguzi wageni: ni ukimya wa mtu aliyeweka kitu mahali na hajui mahali penyewe.

Hakusubiri wiki ijayo, hakusubiri hata chai ipoe. Alimwomba jirani akae na mzee, akaitia kompyuta mpya kwenye mkoba, akatoka. Dereva alimtazama kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. Sista hakumwambia anakwenda wapi. Njiani binti akapiga.

"Mama, fundi anasema umemgombeza. Kwani unahitaji bei ya sukari ya mwaka gani?"

"Usiniambie habari ya bei," Sista alisema, na akakata. Hakuwa amewahi kumkatia simu mwanawe tangu amzae. Akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza ya kioo mbele na nyaya zimening'inia kila mahali. Fundi, aliyependa kuitwa Injinia na watu wakamkubalia, alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, miwani moja puani na nyingine utosini. Alimkaribisha Mama kiti. Mama hakukaa. Aliiona kompyuta yake kwenye rafu ya nyuma, tumbo wazi, ndani hamna diski inayotunza mafaili, hamna pawa saplai ya kuipa umeme, zimebaki nyaya tu na vumbi la nyumbani kwake.

Diski ilikuwa kwenye katoni ya biskuti. Zilikuwa kumi na nne humo, zote za rangi moja, zote za ukubwa mmoja, na hakuna iliyoandikwa kitu. Ndivyo Injinia alivyozoea kufanya kazi: mashine ikiingia kubadilishwa, anachomoa diski, anaitupia katonini, na ikifika Ijumaa anazifuta zote kwa mpigo aziuze tena. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Hizi za nani?"

"Za wateja, Mama."

"Wateja gani?"

"Nikiziwasha moja moja nitajua."

Sista aliitazama ile katoni muda mrefu. Alipofungua kinywa hakupandisha sauti. Aliishusha, na waliowahi kufanya kazi naye wangemwambia Injinia kwamba hiyo ni mbaya zaidi.

"Mwanangu, nimefanya kazi wodi ambayo usiku mmoja walizaliwa watoto kumi na wanane, umeme umekatika, na sisi tuko wawili. Kila mtoto alifungwa kibandiko mkononi kabla hajamaliza kilio cha kwanza. Hakuna mama tuliyemwambia asubiri tuwawashe."

Mteja aliyekuwa anangoja chaja akacheka kwa nguvu. Halafu akaacha kucheka, akauliza taratibu, na laputopu yake aliyoileta Jumatatu iko wapi.

Injinia akataka kueleza kwamba kurejesha taarifa ni kazi nyingine, ina bei yake, na huchukua wiki. Hapo ndipo Sista alipovuta kiti. Akakaa katikati ya mlango wa ndani, mkoba mapajani, magoti yamebana, akasema yeye ana siku nzima na kesho nzima, na bahati mbaya kwa Injinia hasumbuliwi na mgongo.

Zikaanza kuwashwa. Ya kwanza ilikuwa na picha za harusi ya watu wasiowajua, bibi harusi amefumba macho karibu katika zote. Ya pili ilikuwa na mitihani ya mwalimu. Ya tatu ilitoa mlio wa panya ikafa. Kila moja ilipofunguka Sista aligeuza uso, maana si adabu kuchungulia nyumba za watu, na kila alipogeuza uso hasira ilizidi kumpanda. Sasa hakuwa akikasirika kwa ajili ya safu yake peke yake. Maisha ya watu kumi na wanne yalikuwa kwenye katoni ya biskuti, na kesho mtu mmoja angekunywa chai yake, akajinyoosha, akabonyeza Sawa.

Ya tisa ilikuwa yao. Aliijua kwa jina la faili, NYUMBA, ambalo Dereva aliliandika kwa herufi kubwa zote kwa kuwa hakujua bado kuzipunguza. Injinia akashusha pumzi, akaliburuta faili kwenye programu mpya, na ujumbe ukatoka ule ule: maelezo marefu hayatahama, je, iendelee? Na kidole chake, kwa mazoea tu, kikaanza kwenda.

Sista alimpiga mkono. Alimpiga kama alivyokuwa akiwapiga wanafunzi wa uuguzi waliotaka kushika kitovu bila kunawa, kofi fupi, kavu, lisilo na chuki.

"Toa mkono hapo."

Injinia akautoa. Ikabidi akubali kwamba faili la zamani litasomeka tu kwa programu ya zamani, na programu ya zamani itafanya kazi tu ndani ya mashine ya zamani, na pawa saplai ya mashine ya zamani ilikuwa kwa kinyozi wa mlango wa tatu, imefungwa jana kwenye kompyuta inayompigia muziki. Akaenda. Muziki wa kinyozi ukazima, yakasikika maneno ambayo Sista alijitia hayasikii, na Injinia akarudi amekibeba kifaa kifuani, jasho linamtoka.

Mtambo ulipowaka ulinguruma mpaka kioo cha meza kikatetema. Ikachukua robo saa, kama kawaida yake. Na safu ya kulia ikafunguka, imejaa mpaka pomoni. Sista akasogeza uso, akasoma moja, ya pili, ya kumi. Injinia alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, naye akasoma. Alipofika kwenye kiberiti alitoa sauti puani. Alipofika kwenye nauli ya msiba akavuta stuli, akakaa.

"Mama," alisema mwishowe, "ungeniambia kuna vitu kama hivi."

Pengine alitaka kuomba radhi. Lakini katika yote aliyoyasema tangu juzi hilo ndilo lililomchoma Sista kuliko yote.

"Nilikuuliza yote, ukasema yote. Ulitaka kwanza nikusomee ya chumbani kwangu ndipo uamue kama yana maana?"

Injinia aligeukia mashine. Akashika kipanya, taratibu, akaanza kupekua programu ya zamani sehemu ambazo hakuwahi kuzifungua. Ndani ya orodha ya tatu, chini kabisa, palikuwa na amri ya kutoa kila kitu kama maandishi matupu, yale ambayo mashine yoyote duniani inayasoma, maelezo yakiwemo. Akamtazama Mama. Mama akaitikia kwa kichwa. Akabonyeza.

Sista alikuwa na saa ya muuguzi, ile ya kubandika kifuani, na mazoea ya kupima kila kitu nayo.

"Dakika nne," alisema ilipomaliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kazi ya dakika nne."

"Ndiyo, Mama."

Waliyatia maandishi kwenye kompyuta mpya, nakala nyingine kwenye flashi, na Sista akayakagua mwaka kwa mwaka, mpaka ule wa mwisho, kabla hajakubali kuinuka. Kisha akatoa kwenye mkoba plasta ya kidonda, akaandika juu yake Sista na Dereva, akaibandika kwenye diski yao. Akaisukuma plasta iliyobaki juu ya meza mpaka mbele ya Injinia, karibu na katoni, wala hakueleza ya nini. Mashine yao ya zamani akasema inarudi nyumbani. Basi ikabidi arudishe punguzo, akalirudisha, kwa pesa za dawa za mwezi mzima. Na Injinia alipotaja ujira wake, kwa sauti ambayo hata kinyozi angemhurumia, Sista akalipa na huo. Kwanza alikuwa amechoka. Pili yule bwana aliubeba mtambo mwenyewe mpaka kwenye teksi na akaufunga mkanda kama abiria.

Ilikuwa alasiri alipoingia. Dereva alikuwa pale pale dirishani, ameiona teksi, ameuona mtambo ukiingizwa, na nyusi zake zote mbili zilikuwa zimepanda kuuliza.

Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyemletea Dereva habari ya kuudhi. Binti alikataza, madaktari walikataza, majirani walimsalimia kana kwamba analala. Sista mwenyewe alimsomea kwa ile sauti ya wodini, laini, isiyo na kona. Lakini leo sauti hiyo hakuwa nayo. Ilikuwa imeishia dukani. Alimweleza yote, hata viatu hajavua, akitembea kutoka mlangoni mpaka kabatini na kurudi. Alimweleza safu tupu. Dereva akauma mdomo. Alimweleza kidole cha Injinia, na mkono mzima wa Dereva ukakamata kiti. Alimweleza katoni ya biskuti, dakika nne, kinyozi, na mishipa ya shingo ya mzee ikatoka kama kamba za turubai. Sista aliiona, akajua anapaswa kunyamaza, na hakuweza.

"Basi nikamlipa, nikaja zangu," alimaliza, akaanza kufungua viatu.

Midomo ya Dereva ilikuwa inafanya kazi. Ilijikunja, ikaachia, ikajikunja.

"Umemlipa?"

Sista akabaki ameinama, kiatu kimoja mkononi. Safu ile aliijua kuliko kitu kingine chochote duniani. Mpaka mwaka wa sita, neno hilo halikuwemo.

"Nimemlipa," alisema, kwa uangalifu. "Alinibebea mpaka kwenye gari."

"Kiasi... gani?"

Akamtajia. Dereva akapiga mkono wa kiti kwa kiganja.

"Kwa kazi... gani?"

"Sasa unanipigia kelele mimi? Wewe ulikuwa umekaa hapa, umeletewa chai!"

"Ulipe... wewe... aharibu yeye!"

"Na lile punguzo nalo nimerudisha, kama hujui," Sista akasema, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamtajia na kiasi cha punguzo, taratibu, tarakimu kwa tarakimu, akimtazama mdomoni. Ilimfika. Aliiona inamfika. Uso wa mzee ukawa mwekundu kama wa mtu aliyesimamishwa barabarani bila kosa, akajiinua nusu kutoka kitini na akaanza.

Jirani, aliyekuwa bado hajafika mbali, alirudi mbio akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna jambo, kama aite mtu. Sista hakugeuka. Alimpungia mkono anyamaze, kwa sababu Dereva alikuwa bado anasema.